Macho ya Mama Bahati

Kuna picha yangu imetundikwa ukutani katika ukumbi wa kanisa huko Nyantende, nimefungwa kitambaa cha maua machoni, mkononi nimeshika kamba ya mbuzi, mdomo wazi, na kila mgeni anayeingia mle lazima aulize huyo ni nani na alikosa nini, na akina mama wa pale hawachoki kumweleza, tena kila mmoja anatia chumvi yake. Nimechoka kusimuliwa. Aibu ni yangu, basi acheni niimwage mwenyewe, angalau mbuzi nitamweka mahali pake.

Ilikuwa miaka ile ya vita, wakati hapa Bukavu tulikuwa tunalala viatu vikiwa karibu na mlango, asubuhi tunaamka, tunaulizana milio ya usiku ilitokea upande gani, kisha tunakwenda kazini. Mimi kazi yangu ilikuwa katika shirika dogo lililogawia akina mama wa vijijini mbuzi na mbegu, na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kompyuta kwa muda mfupi (nikapewa cheti chenye muhuri mkubwa kuliko maarifa yenyewe), nikafanywa mtu wa picha. Kamera ya dijitali ilikuwa moja tu biro nzima, yaani ofisi yote, nami niliivaa shingoni hata nikienda kununua ndizi.

Siku ya kugawa mbuzi tukapanda Nyantende, na akina mama wakajipanga mbele ya sanamu ya Bikira Maria nje ya ukumbi, vikwembe vipya vya kitenge, vitambaa vya kichwa vimekaa vizuri. Wote walitaka kupendeza, lakini mmoja alikuwa na shida yake. Mama Bahati, mwanawe Bahati alikimbia vita akafika mpaka Lusaka, na huko mtu fulani alimwambia kwamba mama yake alikufa siku askari walipopita kijijini. Yeye hana namba ya simu ya mtoto, mtoto hajui kwamba mama yupo. Njia pekee ilikuwa padri mmoja wa Lusaka ambaye padri wa Nyantende alikuwa na anwani yake ya barua pepe, na mpango ulikuwa huu: picha zikishawekwa kwenye intaneti, tutamwandikia yule padri mahali pa kuzitazama, naye atamwita Bahati aje kuona.

Kwa hiyo mama huyo hakukubali kusimama nyuma. Aliwapita wenzake kwa kiwiko, mmoja kushoto, mwingine kulia, akaja kusimama mbele kabisa karibu na mkurugenzi wetu, akanitolea macho, kiwiko bado kimemchoma jirani.

“Niache nikae hapa,” akasema. “Mutoto wangu anione macho. Akiona macho, atajua mama yake iko muzima.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, picha ikiwa mikononi mwangu imefika. (Naomba mkumbuke maneno hayo.)

Tukarudi mjini, na kesho yake mkurugenzi akateremka Luvungi kwa kazi nyingine, nikabaki na picha zangu na Espérance, karani wetu, mtu wa maneno machache yenye miiba. Wakubwa wa shirika walioko nje walikuwa wametupa maagizo mawili. La kwanza, picha zipunguzwe ukubwa, kwa sababu intaneti yetu ya wakati ule ilikuwa inavuta picha moja nzito mpaka chai inapoa na kikombe kinaoshwa. La pili, watu ambao wangeweza kutafutwa na wenye silaha wafichwe nyuso. Katika mzigo mzima wa picha watu wa namna hiyo walikuwa vijana wawili tu waliotoroka msituni, wako kwenye picha moja, ya mkutano mwingine kabisa.

Hapa ndipo nilipochukua ule uamuzi mdogo. Niliwaza kwamba kuchagua nani afichwe na nani aachwe ni kazi ya kuumiza kichwa, mafuta ya jenereta yanakaribia kwisha, na mimi nimeshajua kuchora mstari mweusi wa kuziba macho, nikiuchora mara moja naunakili tu, nabandika, nabandika, kwa nini nisiwalinde watu wote kwa mpigo mmoja? Espérance akachungulia kioo cha kompyuta yangu.

“Pascal, ba mama ulibauliza?” akasema. “Kila mutu iko na uso yake.”

Nikamjibu kwa Kifaransa, kile Kifaransa cha cheti, kwamba usalama hauna mjadala. Akarudi kwenye meza yake.

Basi nikabandika. Nilibandika kwa raha, jamani, nikipiga mluzi, mistari myeusi imenyooka juu ya macho ya kila mtu, nikapunguza ukubwa wa picha, nikazihifadhi juu ya zile zile za mwanzo kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa, kisha nikafuta zilizokuwa ndani ya kamera ili nipate nafasi ya kazi inayofuata. Picha zikapanda kwenye tovuti bila kugoma. Nikamwandikia padri wa Lusaka mimi mwenyewe, nikamwambia Bahati aje amwone mama yake, nikaweka sahihi yangu na cheo nilichojipa, nikazima kompyuta nikiwa mtu wa maana.

Baada ya siku chache mkurugenzi akatoka Luvungi akapitiliza moja kwa moja hadi Nyantende, maana padri alikuwa amewaita akina mama ukumbini waonyeshwe jinsi dunia inavyowaona, na mimi nikapanda na kompyuta na mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Wakaja wote na vikwembe vile vile. Mama Bahati alikaa mbele (kiwiko tena). Mkurugenzi akatoa hotuba ndefu akinisifu, jenereta ya kanisa ikawashwa, shuka jeupe likatandazwa ukutani, nami nikabonyeza kwa kidole kimoja, kwa madaha.

Ukumbi mzima ukainua shingo.

Pale bironi, kwenye kioo kidogo, mistari ile ilionekana ya heshima. Kwenye shuka la ukuta mzima ilikuwa kitu kingine. Lilikuwa kundi la wezi waliokamatwa pamoja na mbuzi wao, na mbuzi mmoja naye alikuwa na mstari, maana wakati wa kubandika mkono uliteleza sikuona. Mkurugenzi, mstari. Padri, mstari. Na pale nyuma juu ya vichwa vya watu, Bikira Maria, mikono ameifungua kwa upole, macho yamezibwa. Nilitamani jenereta izime, lakini siku hiyo ilinguruma vizuri kuliko siku zote.

Padri alinigeukia, akaniuliza polepole, “Pascal, hata Bikira Maria naye banamutafuta?”

Hapo ukumbi ukapasuka. Akina mama walicheka mpaka wengine wakashikilia mabenchi, mwingine akauliza yeye ni yupi kati ya hao wahalifu, mwingine akadai yule mbuzi ni wake kwa sababu hata bila macho anamjua. Mkurugenzi hakucheka, aliniuliza tu kama yeye alikuwa anafichwa asionwe na nani. Nami nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango, mpaka nikamwona Mama Bahati. Alikuwa amesimama karibu kabisa na shuka, kidole juu ya ule mstari wake.

“Banafunikaka macho ya mufu,” akasema. “Mutoto wangu walimuambia nilikufa. Sasa weye umemuonyesha.”

Watu wakaacha kucheka. Padri akaniambia nitoe basi zile picha za mwanzo, nikalazimika kueleza mbele ya wote kwamba picha za mwanzo hazipo, nilizifuta kwa mkono wangu, na kwamba anwani imeshakwenda Lusaka, pengine Bahati anatazama hata sasa. Niliumia, sifichi. Yule mama alikuwa ameniomba kitu kimoja tu.

Kamera nilikuwa nayo shingoni kama kawaida, nikaomba nipige nyingine pale pale. Wakakubali kwa sharti. Mmoja akavua kitambaa chake cha kichwa, wakanifunga macho, wakanipa mbuzi, padri akashika kamera, na mbuzi akanivuta nikakanyaga ndoo ya maji, ndiyo maana mdomo uko wazi. Baada ya hapo wakajipanga upya, macho yote nje, nami nikapiga picha moja, mbili, tatu, nikihakikisha kila mara kwamba zimeingia.

Mama Bahati hakuniamini tena. Alipanda pikipiki nyuma yangu, akaniminya mbavu mpaka mjini, akaingia bironi, akavuta kiti, akakaa ubavuni mwangu. Alisema hatoki hapo mpaka aone macho yake yanapanda. Nikaipunguza picha, nikaituma, na intaneti siku hiyo ikaamua kutambaa. Picha ilikuwa inafunguka mstari kwa mstari kutoka juu, kwanza anga, kisha kichwa cha Bikira Maria, kisha macho ya Bikira Maria (mama akafanya ishara ya msalaba), na ilikuwa bado haijafika kwa akina mama wakati simu ya biro ilipolia. Espérance akapokea, akasikiliza, akaninyooshea.

Sauti ya kijana, hasira tupu. “Mama yangu alikosa nini? Juu ya nini mumemufunika macho sawa mwizi? Mumemufunga wapi?”

Alikuwa Bahati. Namba aliitoa kwenye tovuti, chini ya picha zangu. Nikagugumia kwamba hakufungwa, tena nikamuuliza, sijui kwa nini, alimtambuaje mama yake bila macho.

“Ule mukono,” akasema. “Anasukuma mwenzake na kiwiko. Ni mama tu anafanyaka vile.”

Nikampa mama simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaibana sikioni.

“Bahati,” akasema. “Niko. Na macho niko nayo.”

Espérance alitoka nje, mimi nikageukia kompyuta nikijifanya nina kazi, na sikuona chochote kilichokuwa kwenye kioo. Nyuma yangu mama alikuwa ameshaanza kumgombeza mtoto, kwa nini amekonda sauti, anakula nini huko, nani anamfulia.

Baadaye nilijaribu kumweleza Espérance kwamba, kwa kweli, bila ule mstari mweusi kijana asingekasirika, na bila hasira asingepiga simu haraka vile. Akachukua kikombe changu cha chai, akaenda kukiosha. Tangu siku hiyo sijawahi kuweka mstari juu ya uso wa mtu bila kumuuliza mwenyewe, na picha ya mwanzo siifuti hata ikiwa ya mbuzi peke yake.

Picha yangu ya kitambaa niliomba mara nyingi itolewe ukutani. Mwisho nilimwomba Mama Bahati mwenyewe, nikijua yeye akisema hakuna atakayebisha. Akasema itatoka, lakini atakayeitoa ni Bahati, maana amemwahidi kwamba siku akirudi ataikuta na kuishusha kwa mkono wake. Basi sasa kila nikipanda Nyantende naingia kwanza ukumbini kuangalia, na nikijikuta bado niko pale ukutani na mbuzi wangu, ninasikitika, na si kwa ajili ya aibu yangu.