Gari la Kifahari Lililochuchumaa Getini

Umewahi kuona gari likichuchumaa?

Sisemi kuharibika. Sisemi kupata pancha. Nasema kuchuchumaa: makalio chini, pua juu, kama mtu aliyezidiwa ghafla akiwa mbali na nyumbani.

Mimi nimeliona. Na lilikuwa letu.

Lilichuchumaa katikati ya geti la ukumbi, siku ya harusi ya watu, wakati maharusi wanatoka nje kupiga picha. Nyuma yake limefungwa trela la vyoo.

Cheka tu. Siku hizi hata mimi nacheka.

Nikueleze kwanza kazi yangu, maana kuna watu wakiisikia wanaziba pua kabla sijamaliza sentensi. Nakodisha vyoo. Trela moja, vyumba vinne, sinki la kunawia, kioo kikubwa, sabuni inayonukia. Harusi, misiba, mikutano, popote naenda.

Asubuhi nikiingia watu wananicheka. Ikifika mchana, wameshakula na kunywa, naitwa "dada mpenzi".

Trela hilo lilikuwa likivutwa na pikapu yetu kuukuu. Haina redio, haina kiyoyozi, dirisha moja limezibwa kwa ubao. Lakini inavuta! Mpaka siku chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ilipokatika kwa kutu, fundi akaingia chini, akatoka, akavua kofia kama yuko msibani.

Tukakubaliana tutafute gari moja la kufanya yote. Mwisho wa wiki livute trela. Siku za kazi lipeleke watoto shule na mama mkwe kliniki.

Hapo ndipo shemeji yangu alipojipa cheo.

Huyu ni mdogo wa mume wangu. Tunamwita Injinia. Hajawahi kufungua hata kifuniko cha redieta. Uinjinia wake kaupatia kwenye simu, kalala kwenye kochi langu, anatazama video za watu wanaosifia magari wasiyoyamiliki.

"Shemeji, hili niachie mimi," akasema. "Ukienda peke yako utauziwa bati."

Tukaenda yadi. Magari mawili yalitufaa.

La kwanza lilikuwa na rangi ya tope, viti vya kitambaa vilivyochakaa, na nyuma springi za chuma nene kama mkono wangu. Limekaa kama mtu asiye na maneno mengi.

La pili, mama yangu! Jeusi, linang'aa mpaka unajiona meno. Viti vya ngozi. Paa la kioo. Na badala ya springi za chuma, lina mipira inayojazwa upepo na pampu. Ukibonyeza kitufe linainuka. Ukibonyeza tena linashuka taratibu, kama linakusalimia kwa heshima.

"Hili huendeshi," Injinia akanong'ona. "Hili unaelea."

"Mimi sitaki kuelea. Nataka kuvuta vyoo."

"Shhh!" Mume wangu akageuka haraka kuangalia kama dalali kasikia. "Sema mzigo. Kwani ni lazima useme vyoo?"

"Tunachovuta ni nini? Maua?"

Dalali alikuwa kasikia kila kitu. Akatabasamu tabasamu la mtu anayelipwa kwa tabasamu.

"Mama, ndoano ya gari hili inavuta hata nyumba. Wewe taja tu nyumba gani."

Nikamwonyesha lile la rangi ya tope. Mume wangu akalitazama kama kaonyeshwa ndugu wa aibu.

"Lile ni la kubebea saruji."

"Na sisi tunabeba nini, baba watoto?"

Akageuka kukagua tairi za lile jeusi.

Tulikuwa tumekuja na mama mkwe, ili ajaribu kupanda na kushuka kwa miguu yake inayomsumbua. Akaingizwa kwenye lile jeusi. Dalali akabonyeza kitu pembeni. Kiti kikaanza kumkanda mgongo.

Mama mkwe akafumba macho.

"Mwanangu," akamwambia mume wangu, "mimi sishuki."

Kura zikawa tatu kwa moja. Na nisijifanye malaika, nilipokaa pale mbele na ule ubaridi ukanipiga usoni, ile moja yangu nayo ikaanza kutikisika.

Lakini nikashika msimamo. "Hatununui mpaka livute trela letu."

"Haki yako, mama," dalali akasema. Akaja nalo mpaka nyumbani.

Injinia akalifunika trela kwa turubai kwanza, eti maandishi ya VYOO VYA KUKODI yasionekane nyuma ya gari la namna ile. Tukalifunga, tukatoka barabara kuu, tukapanda mlima, tukashuka, tukakata kona. Gari limetulia. Chai ingekaa kwenye dashibodi isimwagike.

"Unaona?" Injinia kavimba kama yeye ndiye kalitengeneza. "Sema kitu sasa."

Tukanunua.

Sasa hebu tulia hapa uone kosa letu, maana hili hata mwenye maduka kumi ya magari asingelifanya. Lilitaka watu wa vyoo.

Trela letu likiwa nyumbani huwa tupu. Tukitoka kazini tunapitia bwawa la majitaka, tunamwaga, tunaosha, ndipo tunarudi. Kwa mteja tunakwenda tupu vilevile, maji tunayapata huko huko. Uzito wote unaingia palepale kwenye sherehe, mgeni mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Na tangi la uchafu lilichomelewa mbele, karibu na shingo ya trela. Likijaa, linaikalia ndoano kama shangazi aliyekuja kusalimia na hana mpango wa kuondoka.

Pikapu haikuwahi kulalamika, kwa hiyo sisi hatukuwahi kufikiri. Tukalijaribu gari kwa mzigo wa kwenda. Mzigo wa kurudi, ambao ndio kazi yenyewe, hakuna aliyeukumbuka.

Wiki ya kwanza dashibodi ikawasha taa ya njano. Injinia akasema ni ya kukaribisha. Ikaja na nyekundu. Akasema gari linatuzoea. Asubuhi moja tukalikuta limeinama upande mmoja, kama lililalia mkono vibaya. Lilipowashwa, pampu ikaguna, likainuka.

"Magari ya bei ndiyo yalivyo," akasema. "Yanapumzika."

Mume wangu akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa keshaonekana nalo na wenzake wote kazini. Angekubali hata kama gari lingebweka.

Basi ikaja ile harusi, kazi ya kwanza ya trela tangu tulinunue gari.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, ila vyoo vyake vilikuwa vimefumuliwa, mafundi wanabadilisha mabomba. Meneja wa ukumbi, mama mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni na subira kidogo, akaniweka kando.

"Nisikilize vizuri. Nina harusi mfululizo mpaka mwisho wa mwaka. Ukimaliza hii bila aibu, zote zako. Lakini nikikuashiria, trela litoke kabla maharusi hawajaja bustanini. Sitaki vyoo kwenye picha za watu. Ukiniaibisha, usilete hapa hata kopo."

Harusi zote! Nilikwenda nyuma ya trela nikacheza peke yangu.

Injinia alifungua vioo vya gari akapaki mahali ambapo hata kipofu angeliona. Wageni wanapita wanalisifu. Mmoja akamuuliza, "Bosi, wewe ni upande wa bwana harusi?" Akajibu, "Tuseme hivyo."

Wageni walikula. Wakanywa. Vyoo vikapiga kazi. Mimi na kitambaa changu, ndani nje, ndani nje, kioo kinang'aa. Kufikia alasiri trela halikuwa na nafasi hata ya mtoto mchanga, isipokuwa tangi dogo la chumba cha mwisho nilichokifunga kwa akiba.

Meneja akachungulia mlangoni, akanipungia funguo. Muda umefika.

Tukalifunga trela. Mume wangu akaketi kwenye usukani, akabonyeza kitufe cha kuinua.

Pampu ikaguna. Ikaguna tena. Ikakohoa.

"Linajipima," Injinia akasema.

Likaondoka. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mfupi, halafu kijimlima kidogo cha kutokea getini. Likashuka vizuri. Lilipoanza kupanda, uzito wote ukarudi kwenye ndoano.

Pssssssss.

Makalio ya gari yakashuka taratibu, kwa adabu zote za kitajiri, mpaka ndoano ikagusa lami. Pua ikatazama mawinguni. Mume wangu akabaki kalala chali kwenye kiti cha ngozi kama yuko kwa daktari wa meno. Na kile kiti, bila kuombwa, kikaanza kumkanda mgongo.

Geti limezibwa. Haingii mtu, hatoki mtu.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Muziki, vigelegele, maharusi hao!

Mpiga picha akashusha kamera.

"Jamani, gari limebanwa!" mzee mmoja akapiga kelele. "Mfungulieni mlango wa nyuma!"

Bustani nzima ikaangua kicheko. Nilitamani lami inimeze. Nikageuka kumtafuta Injinia. Alikuwa kasimama kati ya wageni, mikono nyuma, anatikisa kichwa kwa masikitiko kama asiyetujua.

"Injinia!"

"Mimi, dada?"

Dada! Mtu anayelala kwenye kochi langu!

Meneja alikuwa anakuja, funguo zinalia. Nikaona harusi zote za mwaka zinapaa na ile pua ya gari. Nikajiambia, mama, aibu utaiona baadaye, sasa fanya kazi.

Nikampigia dereva wa gari la kunyonya majitaka, tunayekutana naye bwawani. Tunamwita Bomba.

"Bomba, uko wapi?"

"Nipo jirani, nimetoka kunyonya hoteli. Kulikoni, mbona unahema?"

"Nisaidie, njoo uninyonyee hapa hapa getini. Usiulize."

"Kwenye harusi?"

"Nimesema usiulize!"

Nilipokata simu, mtu akanigusa bega. Bibi harusi. Shela limekunjwa mkononi, jasho linamtoka, anatembea kwa hatua fupi fupi.

"Dada," akaninong'oneza, "tangu asubuhi sijaenda. Usiniambie vimejaa vyote."

Nikashika ile nguo yake, mikunjo yote, nikamfungulia kile chumba cha akiba. Tulikuwa wawili mle ndani, trela limeinama, mimi nimebeba gauni kichwani kama turubai, yeye anacheka, anashikilia ukuta.

"Uso wangu uko sawa?" akauliza akinawa.

"Unapendeza kuliko gari letu."

Alicheka mpaka nikahofia wanja. Alipotoka, meneja kasimama pale pale, mdomo uko tayari.

"Mama meneja," bibi harusi akawahi, "hivi vyoo ni visafi kuliko vya kwetu. Mwambie mpiga picha aanzie upande wa maua."

Meneja akaufunga mdomo.

Bomba akafika. Akasimama nje ya geti, akapitisha mpira wake pembeni ya ukuta, akaunganisha, akawasha. Vruuum! Wageni wakahamia upande wa maua bila kuambiwa, hivyo picha zikapata umati mzuri.

Tangi lilipobaki tupu, ndoano ikapumua. Pampu, ambayo ilikuwa imepoa kidogo, ikaguna. Gari likajiinua kidogo kidogo. Watu wakapiga makofi. Mume wangu akasahau masaibu yake, akawapungia mkono!

Meneja akaniita pembeni. Nikaenda nikijua naenda kuagwa.

"Huyu mwenye bomba anaweza kuja hapa kila wiki?"

"Anaweza."

"Sasa kwa nini unauvuta huo uchafu barabarani mpaka bwawani?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Lile trela lirudishe nyuma ya jiko, kwenye kivuli," akasema. "Libaki hapo. Mafundi wangu wa mabomba ninawajua, mwaka huu hawamalizi. Wewe uje usafishe, yeye anyonye. Harusi ni zako. Ila hilo jeneza lako jeusi lisije likasimama tena getini kwangu."

Nikamkumbatia, funguo zikanichoma mbavu.

Nikarudi garini kuwapa habari. Injinia, ambaye undugu ulikuwa umemrudia ghafla, akaruka juu kwa furaha.

Mume wangu hakuruka. Alikuwa anahesabu kitu kichwani.

"Kwa hiyo trela halivutwi tena."

"Halivutwi."

"Na gari tulinunua la nini?"

"La kuelea, baba watoto."

Tulirudi bila trela. Gari lilikwenda kimya, laini, zuri kupita maelezo, halina kazi yoyote duniani. Mama mkwe alitusubiri barazani.

"Trela mmelipoteza?"

"Limepata ajira ya kudumu, mama."

"Eh! Na gari?"

"Limeachishwa kazi."

Siku hizi nakwenda ukumbini kwa kile kigari kidogo, cha rangi ya maziwa yaliyochacha, nilichonunua baada ya kuliuza lile jeusi. Nililiuza mimi mwenyewe. Mnunuzi alipoanza kusifia paa la kioo nikamwambia ukweli wote, pampu, taa, geti, bibi harusi. Akacheka, akalinunua hivyo hivyo, kwa bei ya kulia.

"Mimi sina cha kuvuta," akasema.

Huyo ndiye mtu wa kwanza kulinunua akijua anachofanya.

Basi wewe unayetafuta gari kubwa la mtumba la kuvutia mzigo, na una shemeji mwenye simu, nisikilize. Usilijaribu na trela lililooshwa. Lipakie kama litakavyokuwa siku mbaya kuliko zote, tafuta mlima, kisha toka nje uangalie makalio yake.

Na kabla hujafika yadi, kaa chini ujiulize kama huo mzigo una haja ya kusafiri. Mimi swali hilo niliulizwa na mtu baki, mbele ya wageni mia, harufu ikiwa hewani. Wewe jiulize nyumbani, ni nafuu.