Matone ya Pua na Paka wa Mama

Mafua yangu yalianza katika kiangazi cha kwanza baada ya kuhamia mtaa wa Ruashi, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu. Vumbi jekundu liliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kila asubuhi nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka, na darasani nilifundisha hesabu kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua. Mwenye duka la dawa akaniuzia kichupa cha matone, akanionya nisikitumie zaidi ya siku tano. Pua ilifunguka papo hapo. Siku tano zikapita, nikanunua kingine, na kwa miaka mitatu sikukosa kichupa mfukoni.

Katika mwaka wa tatu baba alifariki, nikamleta mama kutoka kijijini kwetu Kasomeno. Alikuja na mabegi mawili na paka wake wa kijivu, ambaye baba alikuwa amemwokota sokoni. Mama alimlisha vichwa vya samaki, na mchana aliongea naye kwa sauti ndogo, kwa kuwa mimi nilikuwa kazini na yeye hakuwa bado amejuana na majirani.

Kiangazi hicho pua iliziba kabisa. Mwalimu mwenzangu akaniambia kwamba manyoya ya paka huwaletea watu mzio. Sikumuuliza daktari. Nilifurahi kupata wa kumlaumu. Jioni ile nilimweleza mama, naye akaweka mkono mgongoni mwa paka.

"Kama ni yeye anakuletea ugonjwa, mupeleke tu," akasema. "Mi sina neno."

Nilimfungia paka kwenye kikapu, nikamkabidhi mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki aliyekuwa akirudi Kasenga kupitia Kasomeno, amwachie jirani yetu wa zamani huko. Baada ya siku mbili mchuuzi alinipigia simu. Gari lilisimama njiani, kikapu kikafunguka, paka akakimbilia porini. Walimwita, hakurudi. Mama aliponiuliza, nilimwambia paka amefika salama na jirani anamtunza. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua maharage.

Pua haikupona. Nilingoja miezi kadhaa ndipo nikaenda kwa daktari wa pua na masikio. Alinipima, kisha akaniuliza natumia dawa gani. Nikatoa kichupa mfukoni. Alikitazama, akaniuliza tangu lini. Nilipomjibu, akaweka kalamu chini. Alinieleza kwamba mzio ninao kweli, wa vumbi. Lakini pua isiyofunguka mchana na usiku ilitokana na yale matone: yakitumiwa muda mrefu, pua huvimba kila nguvu ya dawa inapokwisha, na mtu huongeza mengine. Nikamuuliza kuhusu paka. Akasema mtu hupimwa kwanza kabla ya kumfukuza mnyama, na kwamba kwangu mimi hakuona dalili yoyote ya kumshuku.

Niliacha matone. Wiki mbili za kwanza nilihema kwa mdomo kama mtu aliyekimbia. Nilisafisha pua kwa maji ya chumvi, nikatumia dawa nyingine ya kupuliza aliyoniandikia, nikafua mashuka kwa maji ya moto, nikapiga deki badala ya kufagia. Polepole hewa ikaanza kupita. Jumapili moja nilisikia harufu ya samaki aliyekuwa akikaangwa na mama, nikajua nimepona, na sikufurahi.

Nikaenda jikoni, nikamwambia yote: kwamba paka hakuwa na kosa, na kwamba hakufika Kasomeno.

Mama alipunguza moto kwanza.

"Nilijua," akasema. "Jirani alinipigia simu wiki ileile. Nilikuwa nangojea uniambie weye mwenyewe."

Nilihesabu moyoni: miezi saba. Miezi saba alinipakulia chakula, akaniuliza habari za shule, akanisikiliza nikimdanganya kwamba jirani anamsalimu. Nikamwomba msamaha, akasema yameisha. Nikamwambia nitamtafutia paka mwingine. Akakataa, bila hasira, akasema amezoea hivi.

Siku hizi ana rafiki mmoja, mjane wa nyumba ya pili, na huenda naye kanisani. Mimi napumua vizuri. Lakini nikirudi mapema kutoka shuleni humkuta ameketi barazani peke yake, nami navuta kiti, naketi karibu naye, bila kujua nianze kusema nini.