Mpishi wa Sherehe na Sahani ya Krismasi

Mpishi wa sherehe wa mtaani kwetu Voi alianza mazoezi ya kutembea mapema Desemba, wiki moja baada ya kaa la moto kumdondokea mguuni asihisi chochote. Kliniki walimwambia ni ugonjwa wa sukari. Kila alfajiri nilimsikia akipita dirishani kwangu kuelekea stesheni, akipumua kwa nguvu. Mchana alikula mchicha na kipande kidogo cha muhogo, polepole, macho yakiwa ukutani.

Siku ya Krismasi tulipika pilau kwa Mama Tryphena, mimi nikimkatia mpishi vitunguu. Wageni walipokwisha kupakuliwa, Mama Tryphena akamletea mpishi sahani iliyojaa na soda baridi.

“Kula, dada. Ama chakula chako mwenyewe hukiamini?”

Vidole vinene vya mpishi vikashika ukingo wa sahani, vikaachia, vikashika tena. Kisha akairudisha.

“Usinilazimishe, mama. Nikianza, sitaweza kuacha.”

Mama Tryphena akaiweka ile sahani mezani.

“Basi unataka kula nini?”

Mpishi alinitazama. Miaka yote niliyomsaidia, sikuwahi kusikia mtu akimuuliza hivyo.