Jigi za Mgongo wa Mzee Wani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya useremala mjini Arua sikushika mbao. Fundi Mkuu alinipa kipande cha waya mnene wa shaba, ule wa umeme uliovuliwa plastiki yake, akaniambia nimfuate uani. Huko nilimkuta mteja amekaa kwenye kigoda, amevua koti na kubaki na fulana. Alikuwa Mzee Wani, mchuuzi kutoka Lurujo, upande wa Koboko, naye alitaka kiti cha kuzeekea. Mimi nilikuwa baba wa watoto tayari, nimetoka Adumi na cheti changu cha useremala, na nilichojua ni kwamba kiti hupimwa kwa futi kamba. Fundi Mkuu aliulaza waya mgongoni mwa mzee, kuanzia kiunoni hadi begani, akaubonyeza taratibu mpaka ukashika umbo. Alifanya hivyo kushoto kwa uti wa mgongo, kisha akarudia kulia. Mzee alikuwa amefumba macho. Nadhani alisinzia, na mimi nusura nimfuate, maana jua la mchana lilikuwa tamu na hapakuwa na sauti ila ya njiwa juu ya mabati.

Tulipoichora ile mistari miwili kwenye plaiwudi, niliona haifanani. Mzee Wani ujana wake aliumaliza akibeba magunia ya chumvi kuvuka mpaka wa Kongo, na bega lake la kulia lilikuwa limetokeza nyuma kama kifundo cha mti. Nikashauri, kwa busara zangu za cheti, tutafute mstari wa katikati na tuutumie pande zote mbili. Kazi ingekuwa nusu na kiti kingependeza macho. Fundi Mkuu alikuwa Mkongo aliyehamia Arua zamani, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Aliweka kikombe chini.

"Wewe usinyoshe mutu," alisema. "Mutu iko vile iko. Kiti ndiyo itamufuata."

Basi tukatengeneza jigi mbili. Vijana mnaonunua kila kitu dukani huenda hamjui kazi hii, kwa hiyo niwaeleze. Rauta ni mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka kwa kasi. Ukiiachia ikate mpindo kwa macho tu, itakwenda inakotaka yenyewe. Jigi ndiyo inayoiongoza. Unakata plaiwudi kwa umbo unalolitaka, unailainisha kwa msasa mpaka kidole kisikwame popote, kisha unaibana juu ya mbao. Kwenye kisu pana beringi, kigurudumu kidogo kinachotambaa ukingoni mwa plaiwudi, na kisu kinakata mbao vilevile. Vishikio tulivitengeneza kwa mipini ya majembe iliyovunjika. Ukingo tuliupaka nta ya mshumaa ili beringi iteleze. Na siku zote unakata kwa kushuka na nyuzi za mbao. Ukipanda nazo, mvule unararuka na matusi yanakutoka mbele za wateja.

Kuna jambo jingine nililifahamu siku ile na nikalisahau siku hiyohiyo. Ukikata jigi, kipande kinachobaki kina mstari uleule, ila kwa upande wa pili. Jigi ina umbo la kiti, lenye bonde pale penye bega. Baki lake lina mwinuko pale penye bonde, yaani lina umbo la mgongo wenyewe.

Kila jigi tuliiandika jina la mwenye mgongo na kuitundika ukutani. Ukuta ule niliupenda kuliko nilivyoupenda mshahara. Alasiri, vumbi la mbao likielea kwenye mwanga wa dirishani, ungedhani wazee wote wa West Nile, mkoa wetu, wamekaa humo ndani wakitupa mgongo, wanatazama vilima vyao. Nilikuwa nakata mbao kama mtu anayeota, na mikono ikifanya kazi bila kuniuliza.

Miaka ikapita, akaja Meneja mpya. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda ukuta uonekane mtupu. Alisema wateja wa sasa wanataka sofa, na sofa haina haja ya kumjua mtu. Jigi zote zikapelekwa jikoni, zikachemsha maharage ya wafanyakazi. Fundi Mkuu siku ile hakula.

Muda mfupi baadaye nilihamishiwa Koboko kufungua tawi. Fundi Mkuu alinifungia rauta kwenye sanduku mwenyewe, akaishindilia vipande vya plaiwudi pembeni isigongwe na mashimo ya barabara. Nilipofika niliunda rafu ya haraka nyuma ya meza ya kazi, na vipande viwili kati ya vile nikavipigilia ukutani viubebe ubao. Rafu ikatoka imeinama. Nilikusudia kuirekebisha kesho yake, na kesho hiyo ikaahirishwa mwaka baada ya mwaka. Penseli zilibingirika, misumari ilibingirika, na vijana wa boda waliokuja kunywa chai mlangoni hawakuchoka kuniuliza rafu imelewa wapi.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, aliingia mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani. Alijitambulisha kuwa ni Mama Keji, mke wa Mzee Wani. Mzee alikuwa amefariki. Kisha moto wa nyasi ukaja ukachoma nyumba yao, na kile kiti kikaungua ndani. Alikuwa amekwenda kwanza Arua, wakamwelekeza kwangu. Alitaka kiti kilekile. Nilimweleza pole pole kwamba jigi za mzee zilichomwa zamani, kwamba ningeweza kumtengenezea kiti kizuri, lakini kingekuwa cha kubahatisha.

Alikaa akatazama mikono yake.

"Picha hatuna," alisema. "Sura yake nakumbuka. Mgongo ndiyo imeanza kupotea. Kila asubuhi nilikuwa naona yeye kwa nyuma, anakaa anaangalia barabara. Kiti ilikuwa imebaki na mgongo yake. Sasa hakuna."

Nilivuta kipande cha plaiwudi nijaribu kuchora kwa kumbukumbu, nikanyoosha mkono kuchukua penseli rafuni. Ikabingirika kama kawaida yake, ikaanguka chini ya meza. Niliinama kuitafuta, na nikiwa bado nimepiga magoti nikainua macho.

Kutoka chini niliviona vile vipande viwili vizuri kwa mara ya kwanza. Cha kushoto kilikuwa na mwinuko mpole. Cha kulia kilikuwa kimetokeza juu, kama bega la mtu aliyebeba chumvi. Miaka yote ile rafu yangu ilikuwa imebebwa na Mzee Wani, nami nikimtukana kwa kuinama. Nilimwita Mama Keji aje aone, naye akapiga magoti kando yangu, akapitisha kiganja kwenye kile cha kulia. Kikasimama pale penye mwinuko.

"Iko hapa," alisema. Akalia, na mimi nikalia naye, mtu mzima na mafundi wangu wananitazama.

Niling'oa rafu. Kwa mabaki yale nilichora jigi mpya, nikazisugua mpaka baki na jigi vikakutana bila mwanga kupita katikati. Kiti nilikikata mwenyewe, kwa mvule, kwa kushuka na nyuzi. Mama Keji alipokuja kukichukua aliniomba pia vile vipande viwili, nikamfungia kwa kamba.

Sasa nimestaafu, niko Adumi, nalima mihogo na kulala mchana bila kuomba ruhusa. Fundi Mkuu naye ametangulia. Usingizini bado nasikia rauta ikitambaa, na ukuta ule wa migongo naukuta umejaa kama zamani. Vijana wakiniuliza siri ya kazi nawaambia wapake nta, halafu wanaondoka wakiona mzee amewanyima.

Mwaka huu nilikwenda Lurujo kumsalimu Mama Keji. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, na kiti kimewekwa mbele yake kikitazama barabara. Akanikaribisha nikikalie. Nilisita, akasisitiza, maana mgeni hasimamishwi. Nikakaa, nikaegemea. Upande wa kushoto kilinipokea vizuri. Nyuma ya bega langu la kulia palikuwa na nafasi tupu, na mgongo wangu haukuweza kuijaza.

"Umesikia?" aliuliza.

Nikamjibu kwamba nimesikia. Nikainuka, nikaenda kukaa naye mkekani, tukakitazama kiti kwa nyuma.