Sauti ya Mwanaamina

Hashimu anasema nilimpeleka Mwanaamina Dar es Salaam kutembeza madera. Na aseme! Kinywa jumba la maneno. Mie Swaumu sijawahi kunyamaza mtu akimsema shoga yangu, na leo nitayasema yote.

Sisi wa Chumbi, huku Rufiji, mpunga ukishaota tunahamia bondeni. Kila mtu na dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Unapanda kwa ngazi na unaishi humo mpaka mavuno, mchana unaamia ndege wasile mpunga, usiku unafukuza nguruwe na viboko. Jua likikaribia kuzama, mmoja anaita, "Mpooo?" Basi kila dungu linaitika kwa zamu, kuanzia mtoni mpaka kwenye minazi, "Nipooo!" Asiyeitika anafuatwa kwa virungu na tochi, maana kimya bondeni si cha heri. Ama nyoka, ama kiboko, ama homa.

Aliyekuwa akiita miaka yote ni Abdulatifu, mume wa Mwanaamina. Na aliyekuwa akiitika kwa sauti kuliko wote ni Mwanaamina mwenyewe. Mwanamke yule alikuwa na sauti jamani! Akiitika, nyani wa ng'ambo ya mto walikuwa wanatupa mahindi na kukimbia, na mahindi yenyewe hata si yake.

Mwaka jana, baada ya mavuno, Abdulatifu akafariki. Mtoto hawakujaaliwa. Mwanaamina akakaa eda mpaka akaimaliza, akarudi bondeni kupanda, dungu lake jirani na langu kama kawaida. Kazi ya kuita akaichukua Hashimu, mdogo wa marehemu. Jioni ya kwanza akakohoa, akaita. Tukaitika. Zamu ikafika kwa Mwanaamina, kimya. Tulikwenda mbio tukijikwaa matopeni, tukamkuta mzima, kakaa mlangoni kwake miguu inaning'inia.

"Haitoki," akaniambia. "Nafungua mdomo, Swaumu, sauti haitoki. Si yeye anayeita."

Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Kuongea anaongea, kwa sauti ya chini ya mtu anayeumwa jino. Kuitika ndiko hakuwezi.

Hashimu akaita kikao cha ukoo. "Dungu lisiloitika ni mlango wa nguruwe," akasema, "na wakiingia kwake, kwetu wamefika." Shamba lile ni la ukoo. Akataka mpunga ukitoa masuke na shemeji yake haitiki bado, alichukue yeye, na Mwanaamina arudi kwa kaka zake Ngarambe akapumzike. Akapumzike! Alilisema neno hilo kwa upole, wazee wakatikisa vichwa. Mie nikamwambia, "Bwana Hashimu, huruma yako ina meno." Wakaniambia nikae chini, mimi Mmatumbi mambo ya ukoo wa Kindengereko hayanihusu.

Palizi ilipokwisha nikamwendea shoga yangu. "Funga kibegi. Tunakwenda Dar kutembea."

"Kufanya nini?"

"Kutazama. Watu wa Dar kila siku wanapita hapa na magari kwenda kutazama viboko wanaokula mpunga wetu. Na sisi tukawatazame wao."

Akatabasamu kidogo. Akafunga kibegi.

Tulifikia kwa mdogo wangu Twalibu, fundi makochi wa Mbagala. Siku ya kwanza tukapanda kivuko cha Kigamboni, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mkata tiketi akauliza kama tumesahau kitu ng'ambo. Mwanaamina akaniuliza, "Maji haya yana mamba?" Nikamwambia mamba wa hapa wanavaa suti. Hakucheka. Siku ya pili makumbusho. Tukaona mifupa, magari ya zamani, halafu kinu na mchi ndani ya kioo, vimewashiwa taa. "Makubwa!" nikasema. "Kinu changu kiko uani, kuku wamelala juu yake, hakuna aliyekitazama hata mara moja." Shoga yangu akasema ndiyo, ni kweli. Ndiyo, ni kweli! Nilitamani nimtikise.

Jioni tukaenda kwenye daraja jipya linalopita juu ya bahari, vijana wanapiga picha, upepo unabeba ushungi. Nikamshika bega. "Hapa hakuna anayekujua. Hapa hakuna Hashimu. Ita!"

Akaweka viganja kando ya mdomo, akavuta pumzi. Ikatoka pumzi tu. Akashusha mikono, akasema, "Nitazoea Ngarambe, Swaumu, usijali." Nikageukia baharini nikalia, hasira na huzuni kwa pamoja, maana bonde lile bila yeye na mimi silitaki.

Siku ya mwisho Twalibu akatupeleka uwanjani, mechi kubwa ya watani. Mwanaamina alijifunga ushungi wa kijani, mimi nikajifunga mwekundu ili tugombane vizuri. Watu! Ngoma, mavuvuzela, wengine wamejipaka rangi mpaka masikioni. Mimi nikawa nagombana na muuza karanga aliyenikanyaga, kwa hiyo kipaza sauti kiliposema jambo sikusikia. Mara watu wote wakasimama, na uwanja mzima ukanyamaza.

Kimya kabisa. Jua limefika kwenye ukingo wa paa, linazama. Mwanaamina akanikamata mkono.

"Swaumu, kuna nini?"

"Sijui."

"Jua linazama. Mbona hakuna anayeita?"

Kabla sijajibu alishapanda juu ya kiti, viganja mdomoni.

"Mpooooooo?"

Ya Rabi! Sauti ile ile. Ikazunguka uwanja ikaturudia. Vichwa vikageuka, Twalibu akajifunika uso kwa kofia. Dada wa mbele yetu akageuka kwa ukali, akanong'ona, "Mama! Ni dakika ya kimya. Kuna mchezaji wa zamani amefariki!"

Nilitaka ardhi ipasuke nizame. Mwanaamina akaziba mdomo, macho yamemjaa machozi. Ndipo kutoka jukwaa la ng'ambo, mbali huko, mwanamume akaitika:

"Nipooo!"

Na mwingine nyuma ya goli, mwanamke, "Nipooo!" Na mwingine juu yetu kabisa. Wa kwetu hao! Mji huu una Warufiji kama dagaa. Filimbi ikalia, uwanja ukalipuka kwa makofi. Najua makofi yale yalikuwa ya marehemu, ndivyo wanavyofanya. Mie niliyachukua yote nikampa shoga yangu.

"Nisamehe, mwanangu," Mwanaamina akamwambia yule dada. "Kwetu kukiwa kimya hivi, tunaulizana nani kabaki." Dada akamtazama, akamshika mkono amsaidie kushuka kitini.

Wakati wa mapumziko akaja baba mmoja wa Ruaruke, kazunguka majukwaa yote anahema. "Nani kaita?"

"Mimi," akasema Mwanaamina. Neno hilo walilisikia mpaka wa safu za juu. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakaa. Kuhusu nani alishinda mechi, hayo tuyaache, nyekundu haikuwa na bahati.

Tulirudi Chumbi mpunga unaanza kutoa masuke. Jioni ile Hashimu alipanda dungu lake, na wazee wawili wa ukoo wamekaa chini yake, wamekuja kusikiliza. Jua likateremka. Hashimu akaanza kukohoa ili aite. Kabla kikohozi hakijamtoka, bonde zima likasikia:

"Mpooooooo?"

Niliitika wa kwanza, na zamu haikuwa yangu. Wakaitika wa mtoni, wakaitika wa katikati, wengine wanacheka, wengine wanapiga madebe. Zamu ikafika kwa Hashimu.

Kimya.

Basi mie nikachukua tochi na kirungu changu. "Jamani eee!" nikapiga kelele. "Dungu la Hashimu haliitiki! Tumfuateni, huenda kaumwa na nyoka!" Na watu kweli wakaanza kushuka ngazi, maana desturi ni desturi, na wale wazee wawili nao wakasimama, wanamtazama kule juu.

"Nipo," akasema Hashimu.

Mwanaamina akaita tena, taratibu, kama mumewe alivyokuwa akiwaita wenye usingizi. "Mpooooo?"

"Nipooo!" akaitika Hashimu, kwa sauti yake yote, mpaka ng'ambo ya mto wakamsikia.