Mutoto wa Ng'ambo na Hati ya Korti

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilitoka kwa mukubwa wa kijiji nikitukana njia nzima. Mimi, mama wa kanisa!

Lakini nianzie nyuma kidogo. Nilikuwa kijana, nauza chisense hapa Nchelenge, vile visamaki vidogo vya ziwa letu la Mweru. Rafiki yangu wa biashara, Mukongomani wa upande ule wa maji, akafa wakati wa vita, akaacha mutoto wa miezi sita, Furaha. Watu wakanivushia huyo mutoto kwa mutumbwi. Nikamufunga mugongoni na chitenge changu, na tangu hapo akawa wangu. Desturi yetu haiulizi mengi: mutoto anakula kwako, anakuita mama, basi, ni wako. Pasta akamubatiza, kadi nikaiweka sandukuni, nikaona kazi imekwisha.

Furaha akafika miaka kumi na saba. Wenzake wote wa shule wameshapata chitupa, kitambulisho cha taifa, yeye hana. Bila chitupa, chuo cha ualimu alichokitaka angekisikia kwa wenzake tu. Nikapanga uongo. Nikaenda kwa Bashikulu Mwansa, babu wa wote na mukubwa wa kijiji, aliyekula samaki wangu sijui mara ngapi, anitolee ushahidi kwamba Furaha nilimuzaa hapahapa.

Muzee akacheka kidogo. "Mama Furaha, kulea umelea, hata kortini nitaapa. Lakini kuzaa? Mimi nilikuwa hapa. Tumbo sikuliona."

"Bashikulu, nani atauliza?"

"Atauliza mutu asiyekupenda. Na siku hiyo atakayefukuzwa si wewe, ni mutoto, na watoto wake pamoja. Nenda boma, kule kwenye ofisi za wilaya, uingie biro ya ustawi wa jamii, useme kweli. Kabla hajafika kumi na nane, korti inaweza kumufanya mutoto wako kwa sheria. Wewe ni Muzambia, naye atakuwa Muzambia tangu siku ya hukumu."

Ndipo nikatoka nikitukana. Sheria haikuniuma, mwanangu. Niliogopa. Korti ingetaka ndugu za Furaha wa ng'ambo wakubali, na wakiitwa, je, wakimutaka? Wavuke naye hivi hivi, mimi nikiangalia? Siku tatu sikula vizuri, mwishowe nikamwambia Furaha mambo yote huku nalia.

"Mama, nilijua zamani," akasema. "Watu wa soko wana midomo. Waite tu."

Nikaenda boma, nikasema kweli, tukamuita mujomba wake kutoka ng'ambo. Akashuka mashuani na jogoo kwapani. Sikuthubutu hata kumuuliza amekuja na mawazo gani. Mbele ya hakimu akaulizwa kama anakubali.

"Dada yangu akifa, mimi nilikuwa nakimbia," akasema, pole pole. "Hata blanketi sikuwa nayo. Huyu mama akamubeba mutoto wetu. Sikuja kumuchukua, nilikuja kushukuru. Niweke kidole wapi?"

Ee, mama wee! Nililia mpaka hakimu akaniambia nikae chini.

Hati ikatoka Furaha akibakiza miezi miwili afikishe kumi na nane. Miwili tu! Ningeendelea kununa, ningemufungia mulango kwa mukono wangu mwenyewe. Chitupa akapata, chuo akasoma, leo anafundisha kule Mununga. Mwaka jana alijifungua mutoto wa kike, mutundu kama mama yake. Huyo hakuna aliyemuuliza kitu: amezaliwa Zambia, siku ile mama yake ni Muzambia, basi, ni Muzambia wa kuzaliwa. Nikimubeba nafurahi mpaka najicheka.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipokea mutoto wa ng'ambo, usiishie kwenye chakula na kadi ya kanisa. Mupeleke kortini akiwa bado mudogo. Ndugu zake waite mapema, hata kama moyo unatetemeka, na usimutafutie mutoto nafasi kwa uongo, maana atakayeubeba ni yeye, na atawaachia watoto wake. Woga wako naujua, nililala nao. Kumbe niliyekuwa namuogopa alikuwa njiani na jogoo wa shukrani.

Mungu akupe mikono ya kulea na kinywa cha kusema kweli. Na mutoto wako, na mutoto wake, siku wakiulizwa ni wa wapi, wajibu bila kukuangalia wewe kwanza.