Risasi za Verla, Bastola ya Mama Yake

Verla Skogen amevaa ile kofia yake ya rangi ya chungwa, ya wawindaji, na hapa Haystack, Montana, kila mtu anajua maana yake: usimsemeshe. Hata kama duka linaungua, toka polepole, utamwambia baadaye.

Ni asubuhi, chumba cha nyuma cha duka la mzee Gus Tollefsrud, linalouza bunduki, ndoano na chakula cha mbwa. Mkono wa kulia wa Verla unavuta chini mpini wa mashine ya kushindilia risasi, unapandisha, unavuta tena. Mkono wa kushoto unaleta ganda tupu la shaba. Ganda linapata kiwashio kitakoni, baruti tumboni, mwisho kabisa kichwa cha risasi. Kabla ya kuliziba, Verla analimulika kwa tochi ndogo na kuchungulia ndani kama daktari wa masikio.

Mlangoni amesimama Orrin Bakke, dereva mstaafu wa basi la shule, na swali lake mdomoni. Anakohoa. Anakohoa tena. Haangaliwi. Anaishia kwenda mbele kununua chakula cha mbwa, na mbwa hana.

Baadaye Verla anavua kofia, anatoka akijinyoosha mgongo.

"Haya Orrin, sema sasa."

"Nimeshasahau."

"Basi halikuwa swali."

Verla ana miaka hamsini na mitatu na wajukuu wawili. Nusu ya maisha yake aliyamaliza kwenye kiwanda cha mbao, akipanga mbao kwa daraja, mpaka kiwanda kikafungwa na mji mzima ukabaki umeshika kiuno. Gus akampa kazi ya kaunta, dola kumi na sita kwa saa. Siku moja akamwona anavyoshindilia risasi zake mwenyewe nyumbani, akanunua mashine ya pili, akamwekea chumba cha nyuma.

"Ni kama kuoka mikate," anasema Verla. "Tofauti yake, mkate ukiharibika unawapa kuku."

Wawindaji wa paa wanatoka mbali kumfuata. Mtu anakuja na bunduki yake, Verla anajaribu baruti kidogo hivi, kidogo vile, mpaka anapata risasi ambayo bunduki ile inaipenda. Na kwa walenga shabaha wa wilaya hii, kushinda bila risasi za Verla ni jambo la kuelezea wajukuu.

Lakini kuna kitu kimoja kinachowachekesha watu. Mteja akija akasema anataka risasi za kuweka karibu na kitanda, za kujilindia, Verla anageuka, anachukua boksi la kiwandani rafuni, analiweka kaunta. Za kwake hakupi. Hata ulie machozi.

"Mpishi gani huyu anayekutuma ukale hoteli ya jirani?" anauliza Orrin, ambaye halali bila kumchokoza mtu.

"Mpishi anayejua kwake hakuna mkaguzi," anajibu Verla.

Msimamo huo ulikaa vizuri miaka yote, hadi masika haya, mteja alipokuwa mama yake mzazi.

Idella Skogen ana miaka sabini na minane. Anaishi peke yake kwenye shamba la ng'ombe, maili ishirini na sita kutoka mjini, na mvua ikinyesha huijui ni barabara au mto. Wakati wa baridi watu walivunja kufuli la banda lake wakabeba jenereta. Mwezi wa tatu wakarudi. Taa za gari zikasimama uani, mbwa akabweka mpaka akakauka sauti. Idella akapiga simu. Naibu sherifu alifika baada ya dakika hamsini, akiomba radhi, na Idella akampa kahawa kwa kuwa hakukuwa tena na kingine cha kumpa.

Bastola anayo, ndogo, ya mzunguko. Shida ni mikono. Baridi yabisi imemshika vidole.

Alipanda gari lake akaja dukani moja kwa moja.

"Wewe msichana," alimwambia bintiye mbele ya wateja, "hizi za dukani zinanipiga teke la punda. Nikivuta tu nafumba macho. Mwizi atakuwa salama kuliko ng'ombe wangu. Nishindilie za kwako, zile laini."

"Mama, zile ni za mashindano."

"Na mashindano nimeshinda nazo. Vikombe viko juu ya friji. Au walinionea huruma?"

Verla akamweleza, kama anavyowaeleza wengine. Ukimpiga mtu, Mungu aepushe, sherifu anachukua bastola pamoja na risasi zilizobaki. Siku ya kesi, wakili wa upande wa pili anaweza kusimama mbele ya wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi akasema: bibi huyu hakuridhika na risasi wanazonunua watu wote, alimtuma mwanawe ampikie maalumu. Na ikibidi kupimwa, aliyefyatua alikuwa mbali kiasi gani, risasi ya kiwandani wataalamu watanunua boksi kama lilelile, waipime.

"Yangu watapima nini? Neno langu? Mimi mwanao?"

Idella akamtazama.

"Kwa hiyo nife, lakini niwe na kesi nzuri."

Duka zima likacheka. Verla hakucheka. "Niliumia kwa sababu alikuwa amesema kweli," anasema. "Risasi nzuri mahakamani lakini huwezi kulenga nayo, hiyo ni pambo la kitandani. Mimi nilikuwa na jibu la wakili tu. La mikono ya mama sikuwa nalo."

Mji ukagawanyika. Kwenye mgahawa, meza ya dirishani ilikuwa ya Verla, meza ya karibu na jiko ikawa ya Idella. Gus alikunywa kahawa yake wima. Alipoulizwa yuko upande gani, alisema yeye anauza baruti na maboksi pia, wasimwingize.

Jumapili moja baada ya kanisa, Idella akasema yatosha, twendeni uwanjani. Uwanja wa shabaha wa Haystack ni machimbo ya zamani ya kokoto, ukuta wa udongo nyuma, sahani za chuma zimening'inizwa mbele. Watu walikuja na viti vyao na nyama ya kuchoma.

Akaanza na za kiwandani, zile zilezile ambazo Verla anazisifu. Bastola ikaruka. Akafumba macho. Ikaruka tena. Udongo ulichapwa vizuri sana, sahani haikuguswa.

"Idella!" Orrin akapaza sauti. "Huyo mwizi uliyemlenga anaishi wilaya gani?"

Bibi aliweka bastola chini. Alifungua mkoba wake, akasogeza miwani na leso, akatoa kiboksi cha plastiki cha samawati. Verla alikitambua kabla hakijafunguliwa. Kilikuwa chake, kimetoka rafu ya jikoni kwake.

"Mama, umeniibia?"

"Nimeazima. Kaa chini."

Risasi ya kwanza: ngaa! Sahani ikacheza. Ya pili, ngaa! Ya tatu vilevile, macho wazi, mkono umetulia kama yuko kanisani. Watu wakapiga makofi. Meza ya karibu na jiko ikasimama yote.

"Aliyenibishia yuko wapi?" aliuliza Idella bila kugeuka.

Akavuta ya nne.

Pu.

Basi. Kisauti kama cha mtu anayefungua chupa ya soda. Wale waliolenga shabaha miaka mingi walinyanyuka wote kwenye viti, lakini Idella alikuwa amevaa vile vizibo vikubwa vya masikio, hakusikia tofauti. Aliona tu sahani haikulia. Akakaza kidole avute nyingine.

Verla aliruka kiti, akaliruka na bakuli la viazi, akamdaka mama yake kifundo cha mkono, mtutu ukiwa bado unatazama udongo.

"Acha kidole! Mama, acha kidole!"

Gus akaipokea bastola, akaifungua, akatoa zilizobaki, akapitisha ufito mwembamba kwenye mtutu. Ufito ukaingia nusu, ukagota. Risasi ilikuwa imekwama humo ndani. Ganda halikuwa na baruti. Kiwashio peke yake ndicho kilichoisukuma mpaka hapo. Ingefuata nyingine nyuma yake, mtutu ungepasukia mikononi mwa bibi.

Orrin aliweka nyama yake chini.

Idella akavua vizibo. "Nani kashindilia hii?"

Hakuna aliyemsaidia Verla. Alikichukua kile kiboksi, akasoma tarehe kifunikoni, akafumba macho.

"Ni ile Alhamisi. Ile Alhamisi uliyoingia chumba cha nyuma, ukanihadithia meno ya Orrin yalivyotumbukia kwenye saladi kanisani. Nilicheka mpaka tochi ikanidondoka. Nilipoiokota sikujua nimefikia ganda lipi. Nikadhani najua."

"Aa, kwa hiyo ni kosa la meno yangu," alisema Orrin.

"Mama, nilikuwa nimevaa kofia!"

"Niliiona."

"Sasa?"

"Hiyo sheria ni ya wateja. Mimi nimekuzaa."

Kicheko kilichotoka hapo, wanasema, ng'ombe wa ng'ambo ya kijito walikimbia. Lakini Verla alikuwa ameshabeba kiboksi chake. Alikwenda nyumbani akazibomoa zote za Alhamisi ile, moja moja, kwa koleo. Nyingine mbovu hakuipata. Hakujifariji kwa hilo.

"Pale ilikuwa sahani ya chuma," anasema. "Sahani itakusubiri. Ingekuwa jikoni kwake, mtu yuko mlangoni, na mama anapata 'pu'. Kiwandani nao hukosea, sikatai. Lakini kule hakuna mama yangu anayeingia na hadithi. Kila ganda linapimwa na mashine isiyojua kucheka."

Jioni Verla alimrudisha mama yake shambani, na njia nzima Idella hakusema kitu. Maili ishirini na sita. Verla alidhani mzee kapata kiharusi. Walipofika getini ndipo akasema:

"Haya. Za kiwandani."

"Asante mama."

"Usinishukuru. Si zile za punda. Nitafutie za binadamu. Kazi yako hiyo, unalipwa."

Ikawa kazi kweli. Verla aliwapigia simu wauzaji wa jumla, akawachosha. Alileta maboksi yenye picha za tai na radi. Idella akayakataa kwa kuyatazama tu. Mwishowe alilipata jibu chini ya rafu ya Gus mwenyewe, lina vumbi: risasi za kiwandani za kulengea shabaha, kichwa bapa, za polepole, boksi lake linafanana na la chaki za shule. Hazina sifa yoyote. Hakuna kijana anayezinunua. Kisha akaichukua bastola ya marehemu baba yake, kubwa na nzito zaidi, inayomeza teke lenyewe kabla halijafika mkononi.

Wakarudi machimboni, safari hii bila viti wala nyama, wao wawili. Idella alimaliza boksi la kwanza macho wazi. Sahani ililia mpaka ikachoka. Akamaliza la pili, maana Verla hakukubali kuamini bastola na risasi mpaka zizoeane. Hakuna iliyosema "pu".

"Ningekuwa mwizi, ningehama wilaya," alisema Verla.

"Ungekuwa mwizi, ungeiba vizuri," alisema mama yake. "Una mikono ya baba yako."

Habari ikafika mgahawani, meza mbili zikaungana tena. Sasa wajane wa mashamba ya mbali wanapita kaunta kumwuliza Verla ni lile boksi gani, lile baya. Anataka kuanza darasa la Jumamosi kwa wanawake wanaoishi peke yao, na Gus ameshakubali kutoa sahani. Kila mmoja atalenga kwa bastola yake na mikono yake, kisha achague kinachomfaa. Boksi la kiwandani ni dola thelathini na nane, na pensheni haiwezi kuchezea hiyo kila wiki. Kwa hiyo Verla anawashindilia za mazoezi, kwa thuluthi ya bei, na amezipima mpaka zinasukuma mkono sawasawa na zile za kiwandani. Vichwa vyake anavipaka rangi nyekundu ya kucha, zisije zikalala kitanda kimoja na nyingine.

Nimewakuta wote wawili kaunta, Idella ameleta maganda matupu ya Jumapili kwenye mkebe wa kahawa.

"Hizi za kwangu nataka azimalize kila wiki, aniletee maganda, nimjazie," anasema Verla. "Zile za kitandani nitambadilishia kila masika, zikiwa nzima. Ndiyo mpango wangu wote. Mama afike miaka mia na ushee, na asiwe amefyatua hata moja ya zile."

Idella anasukuma mkebe mbele.

"Mia na ushee?" anasema. "Basi mwambie Gus aagize katoni."